Nahodha Anakwenda Kofia ya Dawa

Ukishuka kutoka Buzebazeba kuelekea Ujiji utaona ubao wa mtumbwi uliokufa, umelazwa juu ya mawe mawili. Usiudharau. Juu ya ubao huo timu zimepangwa na kupanguliwa, viongozi wameachishwa kazi bila wenyewe kujua, na vita vya nchi jirani vimemalizwa mara kadhaa kabla ya kikombe cha pili. Kahawa ni ya Mzee Hamimu, mtu ambaye birika lake husema kuliko yeye. Wakaaji wa kudumu ni watatu. Kuna Nikodemu, aitwaye Waziri, kwa sababu hakuna swali asilokuwa na jibu lake, liwe la kweli au la haraka. Kuna Gasper, aitwaye Redio, mwenye bodaboda isiyowaka, ambaye hunasa habari popote na kuzirusha bila kuzichuja. Na kuna mwenye shughuli ya leo, Leodgar, fundi wa injini za boti pale Kibirizi. Huyu ndiye Nahodha, ingawa boti pekee aliyowahi kuiendesha peke yake ilipanda mchangani, katikati ya akina mama waliokuwa wanaanika dagaa.

Nahodha hakuwa mtu wa siri. Tangu aijue spika, simu hakuiweka tena sikioni. Ukimpigia yeye umepigia kijiwe kizima. Ndiyo maana jioni ile alipoilaza simu juu ya ubao na kubonyeza ujumbe wa binti yake aliyeolewa ng'ambo, wote waliinama kama watu wanaosikiliza injini yenye kikohozi.

— Shikamoo baba, ilisema sauti ya Winfrida. Viza imetoka na Erick ameshakata tiketi, unaondoka Alhamisi. Baba, kama unavyojua, mzee wake Erick hayupo duniani, na ukoo wao wamekubali jina la mtoto litoke kwako. Mpaka sasa tunamwita Mgeni. Njoo umpe jina, baba. Na usibebe samaki, hasa migebuka.

Nahodha akaizima, akaegemea nyuma kama mtu aliyemaliza kuhutubia.

— Mmesikia? Kanada nzima imekaa inangoja mdomo wangu.

— Kanada ipi? Waziri akauliza. Kanada ni kubwa, mtu hasemi tu Kanada.

— Mji unaitwa Medisin Hat. Mji mdogo, uko kwenye tambarare.

— Ngoja nikufasirie, alisema Waziri, aliyeacha shule kidato cha pili na hajaacha kufasiri mpaka leo. Medisin ni dawa. Hat ni kofia. Unakwenda Kofia ya Dawa, ndugu yangu.

Redio akaweka kikombe chini.

— Basi mimi huo mji ninao. Ukishuka tu kwenye ndege wanakuvisha hiyo kofia. Ukijibu kweli, unapita. Ukipiga kamba, inakubana kichwa. Kuna mtu wa Mwandiga alisema kwao ana ng'ombe mia. Walimvua kofia kwa msumeno.

Nahodha akajipapasa kichwa bila kujua.

— Redio, acha fiksi.

— Mimi niache? Wewe ndiye unayekwenda, Nahodha. Watakuuliza kazi yako. Utawaambia nini?

Kicheko kikawashika wote isipokuwa mwenye kichwa. Hata birika la Mzee Hamimu lilitikisika.

— Nitasema fundi, alijibu Nahodha kwa sauti ndogo. Halafu akairudisha kubwa: fundi mkuu!

— Taratibu, inaanza kubana hiyo! alisema Redio.

Waziri akanyoosha mikono kuomba utulivu.

— Tuache utani, tumsaidie mwenzetu. Tatizo kubwa ni baridi. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Maana yake, kule usivue nguo kabisa mpaka urudi.

— Na jua? Winfrida anasema jua linawaka kila siku, alisema Nahodha.

— Jua lipo, ila ni la mapambo. Linatoa mwanga, moto hakuna. Wameulipia mwanga tu.

— Moto uko chini, Redio akadakia. Ule mji umekaa juu ya gesi. Wala sitanii. Ukichoma kijiti ardhini ukawasha kiberiti, unachemsha chai palepale barabarani. Kwa hiyo Nahodha, ukihisi baridi, lala chini.

— Nilale barabarani?

— Kwani utakuwa wa kwanza? Arusi ya Jeremia ulilala wapi?

Nahodha aliiacha hiyo ipite. Kulikuwa na jambo lililokuwa linamtafuna tangu juzi, na alikuwa amelizungusha mdomoni kama punje ya kahawa bila kulitema. Sasa akalitema.

— Mimi baridi siiogopi. Naogopa tambarare.

Wenzake wakamtazama.

— Hapa kwetu mtu hapotei, aliendelea. Ukitoka mlangoni, kunakoshuka ni ziwani, kunakopanda ni milimani. Hata mlevi miguu inamrudisha. Sasa mji usio na mlima wala ziwa, chini ni wapi? Nikitoka dukani, nirudi kwa nani? Mtoto anangoja jina, babu yuko porini anazunguka na mfuko wa mkate!

Kwa mara ya kwanza jioni ile kijiwe kilifikiri. Hapakuwa na mtu Ujiji aliyewahi kuulizwa swali la namna hiyo, maana hapakuwa na mtu Ujiji aliyewahi kuhitaji kujua.

— Rahisi, alisema Waziri, ambaye kufikiri hakumchukui muda. Tembea na chupa ya maji. Ukipotea, mwaga kidogo chini. Maji hayasahau kwao. Yanakoelekea ndiko kunakoshuka, na kunakoshuka lazima kuna ziwa.

— Baridi ile? alisema Redio. Yatageuka jiwe kabla hayajaamua.

— Basi amwage mawese.

— Mawese ndiyo yataganda yakiwa bado kwenye chupa!

— Basi aende na bata! Bata anajua maji yaliko hata ukimfunga kitambaa. Haraka haraka haina baraka, atamfuata taratibu.

— Bata kwenye ndege, Waziri?

— Kwani bata si ndege?

Nahodha alikuwa anapima kwa makini kama bata angeweza kuvishwa ile kofia, wakati bajaji iliposimama. Akashuka mama mmoja mwenye sare ya hospitali. Alikuwa Domitila, mkunga mgeni aliyehamishiwa kutoka Njombe, bado anaomba samahani kabla ya kila sentensi.

— Shikamooni wazee. Samahani, naomba kashata mbili.

— Marahaba mama, karibu ukae, alisema Nahodha, aliyekuwa amepata sikio jipya. Umemkuta babu wa kimataifa. Alhamisi nakwenda Kanada kumpa mjukuu jina.

— Hongera baba! Mnalitungaje jina huku kwenu?

— Aa, kwetu halitungwi. Jina huokotwa. Lililotokea siku ile ya kuzaliwa, hilo ndilo jina lenyewe. Huyu binti yangu, Winfrida ni la ubatizo tu, mimi nilimwita Nyamvura, mvua ya siku hiyo iliezua paa la jirani likaja kukaa uani kwangu. Mjomba wangu anaitwa Meli, alizaliwa meli inapiga honi gatini. Ukitoa jina la hewani hivi hivi, mtoto anakua hewani hivi hivi.

— Ego, ndivyo! alisema Redio. Na ndiyo maana haliwezi kutolewa na mtu asiyejua.

Domitila akapokea kashata zake, akatabasamu.

— Nzuri sana. Samahani, baba. Kwani siku aliyozaliwa huyu mjukuu, kulitokea nini?

Nahodha akafungua mdomo. Ulikaa wazi, nzi akautazama akaghairi.

Akamgeukia Waziri. Waziri akawa anachunguza kandambili yake. Akamgeukia Redio.

— Kulikuwa na baridi, alisema Redio.

— Kule baridi ipo kila siku, alisema Domitila kwa upole. Si wangeitwa Baridi wote?

Jioni nzima walikuwa wamejadili kofia, gesi na bata. Nahodha mwenyewe, wiki nzima alikuwa amempigia binti kila jioni. Alimuuliza unene wa soksi na makoti. Alimuuliza kama polisi wa kule wanapokea soda. Alihisi kichwa kinambana pande zote, na kofia yenyewe bado iko Kanada.

Akaishika simu. Huku jua lilikuwa linaelekea Kongo, kule kulikuwa kumekucha. Akapiga, akailaza juu ya ubao kama desturi. Domitila alisahau bajaji yake.

— Baba, kama ni tena habari ya soksi, alianza Winfrida.

— Si soksi, mama. Siku ile. Siku aliyozaliwa Mgeni. Kulikuwaje?

Redio akadhani mtandao umekata, akanyoosha kidole aitikise. Waziri akampiga kofi mkononi.

— Wiki nzima nangoja uniulize, baba, ilisema sauti, na haikuwa tena sauti ya mtu anayecheka. Nilianza kusema labda jina nilitoe mimi mwenyewe tu. Sikia basi. Alfajiri ile, Erick alikuwa bado njiani, nilikuwa peke yangu dirishani...

Hapo vichwa vinne viligongana juu ya ubao. Na hapo Nahodha akafanya jambo ambalo halijapata kuonekana Ujiji. Alibonyeza spika ikazima. Akaiinua simu, akaitia sikioni, akasimama.

— Oya! Nahodha! alilia Redio. Rudisha spika!

— Hiyo ni mali ya kijiwe! alisema Waziri. Mali bila daftari hupotea bila habari!

Nahodha alikuwa ameshaanza kushuka, kuelekea ziwani, huko ambako miguu hujua yenyewe. Wakamwona anapita gengeni bila kumsalimu mtu. Wakamwona anasimama karibu na mitumbwi, anatikisa kichwa, anachuchumaa, kisha anajifuta uso kwa mkono wa shati. Halafu akacheka, kicheko ambacho hakikuwa cha kuonyesha mtu.

Mzee Hamimu akaliinamisha birika. Halikutoka hata tone.

— Imekwisha, alisema. Ndilo neno lake la kwanza tangu alasiri.

Hakuna aliyeondoka. Waziri akapanda juu ya ubao, akaweka viganja mdomoni.

— Nahodhaaa! Angalau herufi ya kwanza!

Kule chini Nahodha akainua mkono mmoja bila kugeuka, kama mtu anayeiambia boti isubiri, kuna abiria bado anakuja.