Fundi Vioo na Namba 73,939,133

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Fundi Vioo, alizaliwa tarehe 14 Juni 1949, mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo. Mama yake alisimulia kwamba alilia kwa nguvu hata majirani wakaja kuuliza kulikoni. Kunyamaza hakukuwa fani yake tangu siku hiyo.

Alimaliza darasa la nane mwaka 1964. Hesabu alizipenda mno, ila alikuwa akipaza jibu kabla swali halijaisha, na mara nyingi jibu lenyewe lilikuwa si sahihi.

Mwaka 1967 aliingia karakana ya vioo ya mjomba wake, nyuma ya stendi. Huko alifunzwa kwamba kioo ukikikata kwa papara kinapasuka chote, na vidole vyake vilikuwa na makovu ya kulithibitisha hilo.

Machi 1975 alitumwa kutia vioo shuleni. Darasani, mwalimu wa hesabu alikuwa ameandika ubaoni 73,939,133.

"Hii ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe," aliwaambia wanafunzi. "Sasa tazameni."

Akafuta tarakimu ya mwisho. Ikabaki 7,393,913, tasa! Akafuta tena: 739,391, tasa! Fundi akasahau kazi, akaingiza kichwa kwenye dirisha lisilo na kioo.

"Mwalimu, futa nyingine!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akaendelea: 73,939, kisha 7,393, 739, 73, hadi ikabaki 7 peke yake. Zote tasa.

"Na ukiongeza tarakimu moja mwishoni?" Fundi akauliza.

"Weka yoyote uipendayo, itagawanyika. Ya aina hii, hakuna kubwa kuliko hiyo."

Wiki iliyofuata alirudi kukagua vioo ambavyo havikuwa na tatizo lolote. Yeye na mwalimu huyo walifunga ndoa tarehe 20 Desemba mwaka huohuo, na hakuacha kumwita Mwalimu.

Mwaka 2019 maradhi ya kusahau yalianza kumnyemelea. Kila asubuhi mkewe alimwuliza, "Fundi, namba yetu?" Siku moja akaishia 7,393,913. Mwalimu alikwenda jikoni akalia, maana aliona mumewe anamponyoka kidogo kidogo. Mara akarudi mbio, machozi bado mashavuni.

"Fundi! Bado ni tasa!"

"Si nilikwambia?" akajibu, ingawa hakuwa amemwambia.

Njia ya karakana ilimtoka, majina ya wajukuu yakamtoka. Tarakimu nazo zikadondoka moja moja, na kila mara Mwalimu alipiga makofi, watoto wakampokea.

Tarehe 3 Agosti 2023, saa nne asubuhi, akiwa amelala kando ya dirisha alilolitia kioo mwenyewe, aliulizwa kama kawaida. Akatabasamu.

"Saba."

"Sawasawa, Fundi," Mwalimu akamwambia, akamshika mkono hadi pumzi ilipokatika.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja na wajukuu watano. Pumzika kwa amani, Fundi. Umeondoka mzima, bila kugawanyika.