Gauni la Mfadhili

Mama kijana aliyekuwa akimnyonyesha mwanawe ndani ya basi hakukusudia kusikiliza, ila fundi cherehani wa kiti cha mbele alikuwa na sauti ya kushindana na injini.

"Leo mfadhili wa binti yangu anakuja kanisani kumwona, na zawadi zake. Nami nimemshonea huyo mgeni gauni."

Muuza mboga aliyekaa naye akaguna. "Wewe? Dada, mwenye kuleta ni mgeni. Kazi yako ni kupokea na kushukuru."

"Miaka yote napokea tu. Mwanangu atajifunza nini kwangu, kunyoosha mkono?"

"Haya, na vipimo ulivipata wapi?"

Fundi akatoa picha ya mfadhili. Ilionyesha uso na mabega tu. Muuza mboga akacheka mpaka vitunguu vikamwagika kutoka kapuni. "Kumbe huku chini umekisia! Lisipomwingia, utamwaibisha mtu mzima mbele ya mchungaji."

Fundi akalipapasa gauni mapajani. Mama kijana alitamani kumwambia ni zuri, lakini angejulikana kuwa anasikiliza.

Basi likasimama mbele ya kanisa. Langoni alikuwepo yule wa kwenye picha, na abiria wote, ambao kumbe nao walikuwa wakisikiliza, wakamtazama kiunoni. Alikuwa mpana kuliko mabega yake yalivyoahidi.

"Umeacha akiba ya kitambaa kwenye mishono?" muuza mboga akauliza upesi.

"Vidole viwili kila upande."

"Basi shuka, dada yangu. Mkumbatie vizuri kwanza, umpime."