Kitabu cha Bi Nyamvula Kilichokwama Bandarini

Juzi, tulipokuwa tukipanga viti vya sherehe hii ya kuagana, kila mmoja wetu alikuwa akirudia jambo moja tu: miaka thelathini na miwili. Bi Nyamvula Katana aliingia ofisi yetu ya kutoa mizigo, hapa Changamwe, mwezi Machi 1993, na Ijumaa hii, tarehe 7 Novemba 2025, atafunga droo yake kwa mara ya mwisho. Mimi nimekaa dawati la pili kutoka lake kwa miaka minne tu, lakini wallahi nimemzoea kama mtu aliyenilea.

Alianza kazi kwa kupeleka karatasi bandarini Kipevu kwa miguu, bahasha ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Waliokuwepo wanasema aliwajua walinzi wote wa getini kwa majina, na watoto wao pia. Kompyuta zilipokuja, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzizoea, ila rula yake ya mbao hakuiacha. Mpaka leo huiweka chini ya kila mstari anaousoma, na ole wake kosa litakalojaribu kupita chini ya rula ile. Halafu kuna ile sheria yake ya kaunta. Dereva wa lori anaweza kuja na hasira za siku tatu za foleni, lakini kabla ya kulalama lazima atoe shikamoo. Akishaitikiwa marahaba na kuulizwa hali ya nyumbani, hasira huwa hajui tena alipoziweka.

Kilichomfanya aandike kitabu ni Mzee Jacktone, aliyemfundisha kazi. Mzee huyo alipostaafu na kurudi kwao, alikwenda na kila alichokijua. Kwa miaka miwili ofisi nzima ikawa inampigia simu, mzigo huu tuufanyeje, karatasi hii ipite wapi. Siku moja simu ikapokelewa na binti yake, akasema mzee amefariki. Bi Nyamvula husimulia kwamba alilia kwa ajili ya mzee, kisha akalia tena kwa aibu, kwa sababu hakukumbuka hata mara moja aliyompigia kumuuliza amelalaje. Akaapa kuwa yeye hataondoka hivyo.

Basi akaanza kuandika, kila adhuhuri, muhogo wa nazi upande mmoja na daftari upande wa pili. Mchapishaji mmoja aliyempelekea alimwambia asubiri miaka miwili, akiandike upya kwa Kiingereza, na aondoe visa vya wateja. Bi Nyamvula alimshukuru kwa adabu zote, akachukua daftari lake. Visa vya wateja ndivyo vilivyokuwa kitabu chenyewe. Akaamua kukichapisha mwenyewe, kwa Kiswahili chake na kwa jina lake, akakiita Mzigo Wako Utoke.

Hapo ndipo alipogongana na bosi wetu, Bwana Mansur. Bosi aliona siri za kazi zinaanikwa barabarani. "Ukiwapa yote haya, Bi Nyamvula, watakuja kwetu kufanya nini?" Naye akamjibu kwa upole wake ule ule: "Watakuja wakijua wanauliza nini, Bwana Mansur." Wakakubaliana kitabu kikae kaunta kwa mwaka mmoja wa majaribio. Wateja wakipungua, kitabu kiondoke kaunta, na mwenyewe ahamie chumba cha nyuma asikutane tena na wateja. Kwa mtu anayependa watu kama yeye, hiyo ilikuwa sawa na kufungiwa.

Sasa sikilizeni yaliyompata. Vitabu vilichapishwa ng'ambo, vikaja ndani ya kontena pamoja na bidhaa za watu wengine. Vikakwama. Mama wa watu, aliyeandika sura nzima ya nne inayosema idadi ya maboksi lazima ilingane katika kila karatasi, alikuwa amewaomba wachapaji waongeze boksi moja la nakala za zawadi, na akasahau kuomba orodha ibadilishwe. Karatasi zilisema ishirini, maboksi yalikuwa ishirini na moja. Bwana Mansur alicheka mpaka akavua miwani, kisha akavaa koti, akachukua faili, akaenda Kipevu mwenyewe. Alirudi jioni, mzigo umeshatoka, na boksi moja begani. Lilikuwa lile la ishirini na moja, na humo akachukua nakala ya kwanza. Bi Nyamvula hakuficha kosa lile. Toleo la pili lilipotoka, alilitia katika sura hiyo hiyo ya nne. Kitabu kilikuwa chake, hakuwa na wa kumwomba ruhusa.

Mwaka ukapita, na wateja hawakupungua. Waliongezeka. Walikuja wenye maduka ya vifaa vya ujenzi kutoka Bamburi, walikuja akina mama wa mitumba kutoka Likoni, kitabu mkononi, kurasa zimekunjwa pembe. Walituamini kabla hawajaketi, kwa sababu walikuwa wameshaisikia sauti yake kitandani kwao na dukani kwao. Kazi zetu zikawa nyepesi, maana waliyokuwa wakiyakosea zamani walikuwa wamekwisha kuyasahihisha nyumbani. Bi Dhahabu, mshonaji wa nguo za harusi pale Likoni, alipoona hayo, naye akaanza kuandika kitabu cha kazi yake. Bwana Mansur, yule yule, sasa humpa kila mteja mpya nakala moja kabla ya chai.

Na mmoja wa waliokuja na kitabu mkononi alikuwa kijana wa duka la vipuri Kisauni, aitwaye Bassam. Alisema sura ya sita haimwingii. Bi Nyamvula akamtazama, akanitazama mimi, akasema yeye macho yamechoka, basi nimweleze mimi. Nikamweleza. Akarudi wiki iliyofuata, sura ya sita bado haimwingii. Agosti mwaka huu tulifunga ndoa, na usiku wa pili alikiri kwangu kwamba sura ile aliielewa mara ya kwanza alipoisoma. Nilipompelekea Bi Nyamvula habari hizo alisema alijua tangu siku ile, kwa sababu mtu asiyeelewa haji amejifukiza udi.

Ahsante, mama yetu. Ahsante kwa rula, kwa shikamoo, kwa muhogo uliotugawia, na kwa mume wangu. Mola akujaalie afya, usingizi mtulivu na bustani yako ya Magogoni ikushibishe mboga mpaka uchoke. Jumatatu mteja akiuliza jambo gumu, hatutakupigia simu. Jibu liko kaunta, liko katika sura fulani, na tutalisoma kwa sauti yako. Simu tutapiga kukuuliza umelalaje. Na kabla mwezi huu haujaisha, inshallah, mimi na Bassam tutabisha hodi mlangoni kwako, tumebeba mahamri, bila karatasi hata moja.