Bi Mahbuba na Mitende Mitatu Dume ya Sib

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mashekhe wetu, jamaa, majirani wa hapa Sib, na nyinyi mliotoka Matrah na Ghubra kuja kutushika mkono, leo Jumapili, tarehe 5 Aprili 1970, siku ya tatu ya msiba huu, familia inaomba kukusomeeni maisha ya Bi Mahbuba binti Amur, aliyetutoka Ijumaa iliyopita. Tarehe zimetolewa katika ukingo wa Msahafu wa mumewe na katika daftari lake mwenyewe, na pale pasipo na hakika patasemwa kuwa hapana hakika. Habari ya mitende aliiusia mwenyewe isomwe yote, na Mzee Marhoon bin Thani, aliyekaa pale karibu na mlango, aliombwa ruhusa, akajibu isomwe, ila kisiongezwe kitu.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1911, huko Mtambile, kisiwani Pemba, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Amur, mwenye shamba la mikarafuu, na alisoma chuoni kwa mwalimu wa kijiji hicho hicho, akahitimu Kurani mwaka 1921, na kwa kuwa wakati ule hapakuwa na skuli ya watoto wa kike, kaka yake alimfundisha kuandika kwa mkaa juu ya mlango wa ghala, mpaka hati yake ikapita ya kaka.

Ijumaa, tarehe 6 Septemba 1929, aliolewa na Bwana Sleyum bin Thabit, mzaliwa wa hapa Sib, aliyehamia Pemba mwaka 1926 na kuiacha bustani yake ya mitende thelathini na mmoja mikononi mwa binamu yake na jirani yake, Marhoon bin Thani, iwe amana mpaka atakaporudi. Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto watatu, Yaarub mwaka 1934, Masouda mwaka 1938, na Thabit aliyezaliwa mwaka 1941 akaishi siku arubaini na mbili. Kazi ya marehemu ilikuwa shamba, maana mumewe alikuwa mtu wa duka na safari, na yeye ndiye aliyesimamia uchumaji na uanikaji wa karafuu, na desturi yake ilikuwa moja, kwamba mti usiozaa miaka mitatu ni kuni, na mtu anayeusifu mti wako mbele yako anautaka.

Kila mwaka lilifika Pemba kanda la tende kutoka kwa Marhoon, na kila mwaka marehemu alizila na kuuliza ilikuwaje mitende thelathini na mmoja ikatoa kanda moja, mumewe akamjibu kuwa mapatano yalikuwa hivyo, tende ni za mlezi na kanda ni la salamu, na jibu lile alilibeba miaka thelathini bila ya kulitua.

Bwana Sleyum alifariki Jumapili, tarehe 19 Januari 1964, kwa maradhi ya moyo aliyokuwa nayo tangu 1961. Siku zile kila mmoja hapa anazijua kwa upande wake, hatutazieleza. Marehemu aliingia eda, na kwa dharura alisafiri akiwa ndani ya eda, akateremka Matrah yeye na watoto wake Jumatatu, tarehe 27 Aprili 1964, akajibu maswali yote aliyoulizwa bandarini, na siku ya pili akalala katika nyumba hii ya mumewe tuliyokaa, ambayo ilikuwa imefagiwa, mtungi umejaa, na mkeka mpya umetandikwa, mambo ambayo hayakumpendeza hata kidogo, kwa sababu alitaka kujua ni nani mwenye ufunguo.

Asubuhi yake alijifunika, akaizunguka bustani mti mmoja mmoja, akakuta mitende mitatu karibu na kisima, minene, inakunywa maji kuliko yote, na haina hata shada moja. Kwa mtu wa mikarafuu na minazi hilo lilikuwa na maana moja tu, kwamba mlezi amekuwa akilisha miti tasa kwa maji ya mwenzake. Jumamosi, tarehe 9 Mei 1964, Yaarub aliikata yote mitatu kwa amri ya mama yake, naye marehemu akitazama dirishani, na Marhoon akaja mpaka penye ua wa makuti, akasimama, kisha akageuka akaipa nyumba mgongo, akakaa hivyo kwa muda wa kuvuta maji ndoo kumi, akaenda zake. Katika daftari marehemu aliandika, "Amenipa mgongo. Kumbe miti ilikuwa yake moyoni."

Mkewe Marhoon, Bi Aliya, aliyezaliwa Malindi ya Unguja na kuletwa Oman akiwa na miaka kumi na mmoja, alikuja siku ya pili na siku ya tano, akabisha kwa Kiswahili safi, na hicho Kiswahili ndicho kilichomfungia mlango, maana marehemu alisema hawakukosa wa kumtuma, wamemchagua anayeijua lugha ili asikilize ya ndani. Mavuno ya kiangazi cha 1964 yalikuwa mema, mashada yalijaa na kuinama, na hilo likamthibitishia kuwa ile mitatu ilikuwa mizigo, akampelekea Marhoon salamu za shukrani kwa malezi yake na kumwambia kuwa tangu leo asijisumbue.

Alfajiri ya Ijumaa, tarehe 12 Machi 1965, marehemu akitoka kutawadha alimwona mtu akiteremka mtende wake kwa kamba ya kiunoni, mfuko begani, mikono na ndevu zimekuwa nyeupe kwa unga, na alikuwa Marhoon. Hakupiga ukelele. Alimsubiri aondoke, akamwamsha Yaarub akampandisha, na katika kila shada lililofunguka karara, lile ganda la ua, Yaarub akakuta vijiti vitatu vyenye unga mweupe, vimefungwa kwa ukuti mbichi. Sisi wa Pemba hatuhitaji kufunzwa maana ya kijifurushi kilichofungwa na kufichwa juu ya mti wa mtu. Mitende kumi na tisa ilikutwa imefungwa hivyo. Vyote vilitolewa, vikachomwa kwa ubani mbele ya nyumba, na mchana wake, baada ya sala ya Ijumaa, yaliandikwa makombe, aya za Kurani, kwa zafarani katika sahani tatu, na kila shada likaoshwa kwa maji yake, la mwisho kabla ya alasiri, wakati moshi ulikuwa bado unakwenda upande wa Marhoon.

Kiangazi kile mitende ya marehemu ilitoa vitunda vidogo visivyo na kokwa, vikali mdomoni, ambavyo hata mbuzi walivigeuza kwa pua. Yaarub, aliyekuwa akifanya kazi Matrah na kuja Sib kila Alhamisi, alimwambia mama yake kuwa amesikia kazini kwamba mtende una dume na jike na kwamba ni lazima mtu aufungie ua la dume kwa mkono wake, na marehemu alimjibu kuwa maneno ya Marhoon yamefika mbali. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomkosesha usingizi, nalo ni kuwa bustani ya Marhoon nayo ilizaa nusu tu, na mchawi hajirogi. Mwishowe alijipa jibu kuwa uchawi ukiosheka kwa aya humrudia mwenyewe, akatulia kidogo. Huku nje ikasemwa kuwa bibi wa Pemba ameiroga Sib nzima, wanawake wakawa wanasubiri aondoke kisimani ndipo wateke.

Familia haikuwa na kitu kingine isipokuwa bustani ile, na hofu ya marehemu ilikuwa kuondolewa mara ya pili. Alipoona hawezi kuiendesha, aliamua kuiuza kwa mfanyabiashara wa Matrah kuliko imfikie Marhoon, na hapo ndipo akaambiwa juu ya shufaa, haki ya jirani kutangulizwa katika ununuzi, akasema, basi hilo ndilo Marhoon alilokuwa akilingojea. Alhamisi, tarehe 17 Februari 1966, Yaarub alisimama kwa kadhi badala ya mama yake, na Marhoon alipoulizwa kama anainunua alisema maneno ambayo Yaarub aliyaandika papo hapo.

"Amana hainunuliwi. Nipeni msimu mmoja, nipande juu mchana, na mwenyewe akae chini anitazame."

Alasiri ile Bi Aliya alibisha mara ya tatu, na mlango ukafunguliwa, kwa upana wa mtu mmoja.

"Bibi, ile miti mitatu uloikata ndiyo waume wa mitende yako," alisema, "na yetu sisi pia. Hatuna mengine. Mwaka uloikata, kazi ya kufunga maua ilishakwisha kabla hujafika, ndiyo maana ukavuna. Maua ya mwaka jana mume wangu kayafuata Barka kwa punda, siku mbili kwenda na kurudi. Kaanza kwako, kwa kuwa ni amana. Yaliyobaki hayakutosha kwetu."

Marehemu alimtazama sana. "Na siku nnakata, mbona alinipa mgongo?"

"Ulikuwa edani, bibi. Angekutazamaje?"

"Basi angekohoa."

"Alikohoa. Ukafunga dirisha."

Bustani haikuuzwa. Msidhani, hata hivyo, kuwa marehemu alisadiki siku hiyo. Machi 1966 Marhoon alileta maua ya dume kutoka Barka, akapanda mchana, na marehemu akakaa chini ya kila mtende juu ya kiti cha kamba, buibui mwilini na bakora mkononi, Bi Aliya ubavuni akimweleza kila kifundo, na kila kijiti kilipitia mkononi mwake kwanza, akakinusa, akakikung'uta, ndipo kikapanda juu. Mitende ilizaa. Mwaka wa pili alikaa tena, na wa tatu, na wa nne, na majirani walipomtania Marhoon kuwa ana mlinzi, alisema tangu azaliwe hajafanya kazi mbele ya shahidi mzuri kama yule. Aprili 1966 marehemu aliagiza miche miwili ya ubavuni ya mtende dume kutoka Barka, akaipanda penye mpaka, mmoja upande wake na mmoja upande wa Marhoon, na kila Alhamisi akiipima kwa shubiri na kuandika, na wa upande wa Marhoon akiupima pia.

Maradhi yalianza Novemba 1969 kwa uvimbe wa miguu na kukosa pumzi, akalazwa hospitalini Matrah tangu tarehe 11 Januari hadi tarehe 2 Februari 1970, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Jumanne, tarehe 10 Machi, dume la upande wake lilifungua karara lake la kwanza, dogo, la kutosha mtende mmoja au miwili tu, Masouda akamletea kitandani, akalishika mpaka shuka likawa jeupe. Wote tuliokuwapo tulijua atasema lifungwe katika mtende gani wake, kwani alikuwa ameshauchagua. Akasema, "Anzeni kwa Marhoon." Akapumzika. "Na mtu akae chini amtazame."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kuomba radhi, na Mzee Marhoon ameyapokea hivyo.

Marehemu alifariki Ijumaa, tarehe 3 Aprili 1970, baada ya sala ya alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa na siku ishirini, akazikwa adhuhuri ile ile katika makaburi ya hapa Sib. Alipoteremshwa, chini ya shuka lililoshikwa pembe nne na maharimu wake, Mzee Marhoon alirudi hatua chache, akageuka, akalipa kaburi mgongo, akasimama hivyo mpaka udongo ulipofunika. Yaarub, aliyekuwa kaburini, alimwona, na safari hii hakuhitaji mtu wa kumfasiria.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa Matrah waliomhudumia, wenzake Yaarub kazini waliotoa gari, majirani waliochota maji ya kuoshea bila ya kuombwa, wakiwamo wale waliokuwa wakimsubiri aondoke kisimani, na Bi Aliya aliyemwosha kwa mikono yake. Mwenye kumdai marehemu neno, na amfikie Yaarub, na aliyemdhania naye akadhaniwa, tunaomba wasameheane leo.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pumzika kwa amani, Bi Mahbuba, mitende ya Marhoon imeshafungwa yote, yako itamalizwa kesho, na Masouda ndiye atakayekikalia kiti.