Mama Tjiueza na Chekechea ya Mbwa ya Kameelrand

Mama Magdalena Tjiueza, Afisa Mipango Miji wetu, anastaafu tarehe 31 Julai baada ya kuitumikia halmashauri hii kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia akiwa mchora ramani, vidole vimejaa wino. Anatoka akiwa mtu ambaye hata madiwani hupunguza sauti anapofungua faili.

Katika mwaka wake wa sita aliidhinisha gereji ya kunyoosha magari na kupiga rangi kwa kutazama ramani tu. Ramani haikuwa na kasoro. Nyumba ya pili kutoka hapo, hata hivyo, ilikuwa na mtoto mwenye pumu, na kabla mwaka haujaisha familia ile ilihama. Hakuna aliyemlaumu, maana kanuni hazikuvunjwa. Kisa hicho yeye mwenyewe humsimulia kila afisa mpya siku ya kwanza, kabla hata ya kumwonyesha choo kilipo. Tangu hapo hajatia saini maombi ya kiwanja ambacho hajakwenda kuketi na kusikiliza mwenyewe.

Kazi yake inayokumbukwa zaidi ni ile ya mbwa. Miaka mitatu iliyopita Ndapewa Haimbodi, msaidizi wa daktari wa mifugo, aliacha kazi na kuomba idhini ya kufungua kituo cha kulelea mbwa mchana katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mama yake mtaani Kameelrand. Wakazi walikiita chekechea ya mbwa, lakini hawakucheka kwa muda mrefu. Barua ya pingamizi ilitufikia ikiwa na saini arobaini na tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Gerhard Oosthuizen, mwalimu mstaafu na jirani wa ukuta mmoja, ambaye mkewe hakuwa ameinuka kitandani tangu apatwe na kiharusi.

Kanuni zetu zinaruhusu biashara ndogo katika eneo la makazi mradi isiwasumbue majirani. Kusumbua ni kiasi gani, hazisemi. Mama Tjiueza alimruhusu Ndapewa alee mbwa kumi na wawili kwa siku tatu za majaribio. Kisha yeye akabeba kiti cha kukunja na chupa ya chai, akaketi kwenye baraza ya akina Oosthuizen.

"Umekuja kuhesabu midomo ya mbwa?" mzee alimuuliza.

"Nimekuja kusikia unachosikia wewe, Mwalimu."

Alichosikia kilimshangaza. Ikifika saa tatu asubuhi mbwa wa Ndapewa walikuwa wamecheza na kulala. Waliobweka kutwa nzima ni mbwa wa waliotia saini, waliofungiwa uani peke yao.

"Si umesikia mwenyewe, Mama?" Ndapewa alimwambia kwa furaha. "Wakorofi ni wa kwao. Wangu wako usingizini!"

Mama Tjiueza aliyaandika hayo yote, nyumba kwa nyumba. Taarifa iliposomwa ukumbini, baadhi ya wapingaji waliinama kutazama viatu vyao.

Lakini siku ya tatu ya majaribio, kabla ya taarifa hiyo, alikuwa ameingia ndani kumjulia hali Bi. Oosthuizen. Saa moja na nusu asubuhi magari yalianza kufika, na kila mbwa aliyeachwa alimlilia aliyemleta. Kila kelele zilipolipuka, mkono wa mgonjwa usiopooza ulilikamata shuka, kisha ukaliachia polepole. Mama Tjiueza alibaki pale mpaka gari la mwisho likaondoka. Mwishoni mwa taarifa alipendekeza maombi yakataliwe, na yakakataliwa.

Ndapewa alikuja ofisini, na sote tulimsikia. "Unaandika kwamba mbwa wangu hawana kosa, halafu unanifungia mlango?"

"Mbwa hawana kosa, mwanangu. Ukuta ndio uko karibu mno."

Ndapewa alirudi kwenye ajira yake ya zamani, na kwa miezi mitano hakumsalimu Mama Tjiueza. Katika miezi hiyo Mama alipekua ramani hadi akalipata ghala la zamani la ngozi za kondoo wa karakul, kando ya reli, lililokaa tupu miaka tisa. Aliandaa mwenyewe maombi ya kubadilisha matumizi yake. Kikao cha kwanza kiliyakataa, cha pili kikayaahirisha. Cha tatu kiliyapitisha, nadhani kwa kuchoka kumwona.

Leo kituo cha Ndapewa kiko ghalani humo na kina mbwa thelathini, wakiwemo wa watu kumi na wanne waliotia saini ile barua. Bi. Oosthuizen alifariki mwaka uliofuata. Mzee alituandikia mistari miwili kutuarifu kwamba mkewe aliondoka asubuhi tulivu.

Mama Tjiueza anaacha mafaili kumi na moja ya maombi ambayo hayajaamuliwa. Kwenye kila moja ameandika kwa penseli jina la mtu wa kumtembelea kwanza, na saa ambayo mtu huyo huwa nyumbani.

Mama, asante kwa miaka yote uliyotutoa ofisini tukaone wenyewe. Nenda kapumzike. Tunakuombea afya, siku ndefu na majirani wema.