Siku Mshale wa Joto Ulipofika Katikati

Wapendwa, mliotoka Kenya, mliotoka Uganda, na sisi wa hapahapa Juba tuliorudi na Kiswahili cha huko, asanteni kwa kunipa nafasi ya kushuhudia hapa kanisani. Aliyenitangulia ameshuhudia juu ya ugonjwa. Mimi nitashuhudia juu ya gari. Msicheke bado, vicheko vitakuja vyenyewe.

Wengi mnanijua kama mtu asiyekaa. Ni kweli. Shule niliiacha darasa la sita, kambini Kenya. Nyuma ya darasa kulikuwa na jenereta, na hakuna mwalimu aliyetaka kunieleza kilichokuwa kinanguruma mle ndani, basi nikaondoka kumtafuta anayejua. Nimeosha malori Eldoret, nimeoka mikate Gulu, nimekuwa utingo wa lori la dizeli, nimechomelea milango ya maduka hapa Juba. Kila mahali, nikishaelewa kitu kinavyofanya kazi, miguu huanza kuniwasha. Kaka yangu alizoea kusema kwamba mimi nina mkoba badala ya nyumba.

Kaka huyo alifariki. Akaacha mke, na akaacha gari. Gari mnalijua: lile jeusi, refu, la zamani, silinda sita, viti vya ngozi, milango mizito kama ya jokofu. Shemeji yangu anapika katika hoteli moja kule Amarat. Alinikabidhi ufunguo akiwa na unga mikononi.

"Shem," akaniambia, "beba wageni wa hoteli. Likijilisha lenyewe, utaendelea nalo. Lisipojilisha, kuna mtu kule Gumbo, ng'ambo ya mto, anataka injini yake kwa mashine ya kusaga. Atalikatakata. Na wewe najua utaenda zako."

"Nitaenda wapi?"

"Kwani huwa unajua?"

Ndugu zangu, nawaambia, neno hilo liliniingia. Lile gari ndilo kitu pekee cha kaka yangu kilichobaki kikitembea. Nikajiapiza kwamba safari hii sitaondoka, na gari halitakatwa.

Basi nikaanza kwa bidii, na bidii ndiyo iliyoniponza. Ulikuwa wakati wa kiangazi, na jua la Juba mnalijua. Nikaogopa injini isije ikachemka. Nikafungua boneti na kufanya kile ambacho nimeona mafundi wakifanya toka Mombasa mpaka hapa: nikang'oa thamostati. Kwa wasiojua, hicho ni kidude cha shaba kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi, kinayazuia maji yasiende kwenye rejeta kupozwa. Ikipata moto, kinafungua. Sisi mafundi wa barabarani husema hicho ni cha nchi zenye barafu, huku kwetu hakina kazi. Nikakitupa mtaroni, nikafuta mikono, nikajiona daktari.

Kuanzia hapo gari likaanza kunywa. Wageni walilipenda, lakini chote walichonilipa kiliishia kituo cha mafuta. Madereva wenzangu pale nje ya hoteli, wengine wameketi humu, wakalibandika jina.

"Ngamia amefika!"

"Acheni kumtukana ngamia. Ngamia anakunywa mara moja anavuka jangwa. Hili linakunywa kila kona. Huyu ni mbu!"

"Mbu mwenye viti vya ngozi!"

Nilicheka nao, lakini usingizi sikupata. Nikaanza kuuliza. Kwa nini mtu mwenye akili zake atengeneze gari namna hii? Nikaelewa kidogo kidogo. Silinda sita zikipokezana kazi, injini haitetemeki, abiria anahisi amekaa sebuleni. Vioo vizito ni vya kuzuia kelele. Vyuma vya milangoni ni vya kumlinda aliye ndani. Lakini kila starehe waliyoiweka, injini ndiyo inayoibeba. Tena gari hili lilitengenezwa kwa barabara ndefu iliyonyooka, injini inazunguka polepole kwenye gia ya juu. Hapa mjini, mashimo na foleni, ni kama kumvisha mtu suti akalime. Hayo niliyakubali, na heshima kwa waliolichora ikaniingia.

Nikalipeleka kwa fundi mmoja wa mtaa wa Kator, mtu mzuri, amekulia Uganda.

"Bwana, hii gari iko na injini kubwa ya bure," akasema. "Mimi natoa, natia ndogo ya silinda nne. Kalas, imeisha."

"Na uzito? Injini ndogo ikivuta bodi hili itakanyagwa kutwa nzima. Si itakunywa vilevile?"

"Wewe iko na maswali mingi kama polisi. Basi nunua punda."

Nikaondoka na gari langu. Ila kuna jambo lilinisumbua. Mjini kunywa, sawa. Lakini kila nilipopeleka mgeni Nimule, kule mpakani, lami safi, hakuna foleni, gari lilikunywa pia. Pale ndipo lilipotengenezwa kung'ara! Shemeji naye alishikilia kwamba marehemu alikuwa akienda Nimule na kurudi kwa tangi moja, na petroli ya kuendea kanisani ikabaki. Nilimwona kama mjane anayemsifia mumewe. Sikumwamini.

Siku ikafika akaniambia, "Shem, twende Nimule tumchukue mama, anatoka Uganda. Tukirudi tutasimama Gumbo. Nimeshamwambia yule mtu alete gari la kulivuta hili."

Nilijua mkoba wangu uko wapi.

Tuliondoka alfajiri, mvua inanyesha. Shemeji alikuwa amelowa akiningoja, anatetemeka. Tulipokwenda mwendo mrefu akasema, "Washa hita."

Nikawasha. Ikatoka hewa baridi.

"Mbovu?"

"Si mbovu. Inachukua joto la maji ya injini."

Akanigeukia. "Injini inayochoma petroli yote hii haina hata joto la kunikausha miguu? Mimi jikoni, jiko likiwa baridi ndipo mkaa unapokwisha. Likishashika moto ninaliziba hewa, linajiendea. Hili lako tangu Juba halijashika moto."

Wapendwa, nilisimamisha gari pembeni, mvua na yote. Nikafungua boneti, nikashika bomba la maji. Baada ya mwendo wote ule lilipaswa kuniunguza. Nililishika kama unavyoshika mkono wa mtu.

Nikasimama pale nikilowa, nikaanza kucheka. Gari hili lina kompyuta. Injini ikiwa baridi, kompyuta humwaga petroli zaidi ili isizimike, na huinyima gia ya juu kabisa mpaka ipate moto. Na mimi nilikuwa nimeondoa kile kinachoisaidia kupata moto. Barabarani upepo wa mbele uliipoza zaidi, ndiyo maana Nimule ilikuwa mbaya. Miezi yote ile kompyuta ilidhani bado ni asubuhi, gari ndiyo kwanza limewashwa.

Nimule nilizunguka maduka ya vipuri nikitafuta thamostati. "Hicho watu wanatoa, hawanunui," wakaniambia. Mwishowe mmoja akakichomoa kwenye injini iliyokufa ya ukoo uleule. Kizima? Hakujua. Shemeji akakinyakua, akaenda kwa mama chai, akakitumbukiza kwenye sufuria inayochemka.

"Yawa! Mnapika nini kwenye maji yangu?" mama chai akapiga kelele.

"Nyamaza kidogo, mama. Tazama."

Tukatazama wote watatu. Kile kidude kikafunguka taratibu kama jicho la mtu anayeamka. Nililipia maji na chai ya watu wote waliokuwepo.

Nikakifunga palepale. Tukampakia mama yake shemeji, haboba wetu, yaani bibi yetu, nyuma na magunia yake, tukaondoka. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Sikuwahi kuuona ukipanda hivyo. Ukafika katikati, ukasimama. Kisha, kwenye lami tupu, nikahisi gari limeshusha pumzi: likabadilisha gia moja ambayo sikujua linayo. Injini ikawa mnong'ono. Haboba akasema toka nyuma, "Zimeni moto huo, mnanikaanga!"

Hita tulikuwa tumeisahau. Shemeji hakuizima. Alikuwa ameweka mkono penye hewa, anatazama nje. "Hivi ndivyo lilivyokuwa," akasema. "Sauti hii hii."

Gumbo tulifika na petroli ambayo siku nyingine ingekuwa imeisha njiani. Mnunuzi alikuwa amesimama na minyororo yake. Shemeji akashusha kioo. Nami nikazima injini ili nisikie hukumu.

"Malesh, ndugu, utanisamehe," akamwambia. "Umekuja kuchukua mzoga, na hili liko hai." Akapandisha kioo. "Shem, washa. Mama anataka kulala."

Sitawadanganya, bado linakunywa kuliko vigari vyenu. Ndivyo lilivyozaliwa. Lakini sikai tena nje ya hoteli na injini ikinguruma kwa ajili ya kiyoyozi. Nabeba watu wa safari ndefu, wanaotaka kulala njiani, na gari linajilisha na linalisha nyumba. Na mimi bado niko Juba. Wanaonijua wanaelewa huo ni muujiza kiasi gani.

Namshukuru Mungu. Namshukuru shemeji kwa miguu yake yenye baridi, na kwa kunipa ufunguo wakati hata mimi nisingejipa. Namshukuru mama chai wa Nimule. Ninyi mlioniita dereva wa mbu, nawashukuru pia, kwa kuwa mlinifanya niendelee kuuliza.

Nawaachia hili tu: usitoe kitu kabla hujajua kinafanya kazi gani, hata kama kila mtu anakitoa. Na shida ikikujia, anza kukagua pale ulipopitisha mkono wako mwenyewe.

Sasa, tukitoka nje nitafungua boneti bure. Nani humu gari lake halina thamostati? Inueni mikono, hapa hakuna aibu. Naona mmoja, wawili, kwaya yote ya sauti ya nne... Na wewe pia, fundi wangu wa Kator? Inua juu zaidi, kaka, wenzako wakuone.