Wanawake wa Nyumba ya Lamjed Hawafi Upesi

Benchi lile la mji wa Kairuani, nje ya mkahawa ulio karibu na lango la kale, lina miguu mitatu ya mbao na wa nne wa tofali. Kila alasiri hukaa hapo Ami Shadli, aitwaye Breki kwa sababu aliendesha basi la kwenda mji wa Susa miaka mingi na hakuna abiria aliyeshuka bila nundu. Pembeni yake ni Tijani Harisa, muuza pilipili ya kusaga, na Mufti, ambaye hakusoma dini wala dunia lakini fatwa zake hazikauki. Siku hiyo walikuwa wakimtibu Lamjed, muuza mazulia, na mgonjwa mwenyewe alikuwa amebanwa katikati yao akipuliza kahawa. Alikuwa na hofu, na kelele zao zilimpa nafuu.

— Hebu rudia, alisema Mufti. Daktari kakwambia nini hasa?

— Kasema utumbo wangu mpana umeota vinyama. Mamia. Wanautoa wote kabla havijageuka saratani. Ndivyo vilivyomwua babu, na baba, na ami zangu.

— Mamia! Mufti alitikisa kichwa. Ndiyo maana wahenga wakasema haba na haba hujaza kibaba.

— Na kesho niwapeleke watoto Susa wakatolewe damu. Huenda wamerithi.

— Nilisema zamani mimi, Breki alidakia, akimkodolea macho Harisa. Pilipili hiyo!

— Koma! Pilipili yangu inaliwa na mji mzima. Tatizo la nyumba ile ni jina. Kila mjukuu anapewa jina la marehemu, na marehemu haji mikono mitupu. Mwanao wa kiume anaitwaje vile?

— Amara. Kama babu.

— Si unaona!

— Daktari anasema ni jeni, Lamjed alieleza. Kila mtu anazo mbili, ya baba na ya mama, za kuzuia nyama ya mwili isiote ovyo. Sisi tunazaliwa na moja mbovu. Ile nzima nayo ikija kuharibika mahali, kinyama kinaota.

— Ni kama breki! Ami Shadli aliruka, benchi likayumba. Ya mguu na ya mkono! Sasa nimeelewa. Unateremka mlima na breki moja...

— Wewe uliteremka bila hata hiyo moja, alisema Harisa.

Mufti alisubiri kicheko kiishe.

— Mpeleke Amara. Rim, binti yako, mwache.

— Daktari kasema wote.

— Daktari anajua matumbo, hajui nyumba yenu. Bibi yako Khaduja alikufa kwa tumbo?

— Bibi? Kafika tisini, anatafuna lozi kwa meno yake.

— Mama yako?

— Yuko nyumbani, anagombana na jirani.

— Mjane wa ami yako?

— Kahiji mara mbili.

— Basi! Wanawake wa nyumba yenu hawafi upesi. Ugonjwa ule unafuata ndevu. Mtoto wa nyoka ni nyoka, ila awe dume.

— Mimi naona ni hili benchi, alisema Harisa. Wanaume ndio wanaolikalia, linawabana utumbo.

Breki akanyanyua tako moja, akatazama chini.

Lamjed akashusha pumzi. Kusema kweli hakuja kuuliza, alikuja kutafuta mashahidi. Alhamisi wangekuja watu kumposa Rim, na nani angechukua msichana mwenye damu ya kupimwapimwa? Shauri la kumwacha alikwisha kulikata kitambo, kabla ya kahawa.

Mwisho wa benchi alikaa mgeni aliyekuwa akisubiri basi, amepakata ungo mpya.

— Samahani, wazee wangu. Hao akina mama walizaliwa katika nyumba hiyo, au waliolewa humo?

Mufti alijimiminia kahawa.

— Waliolewa, Breki alisema taratibu.

— Na waliozaliwa humo?

Binti akishaolewa ni wa watu, hata kaburi lake liko kwa watu, na kijiwe hakihesabu makaburi ya watu. Lamjed alimkumbuka shangazi yake Mannubia, mcheshi wa nyumba, aliyeolewa Nabeul. Alikufa tumbo limemvimba, kitinda mimba wake hajaota meno.

— Shangazi Mannubia, alisema.

— Yule si alimalizwa na mama mkwe? aliuliza Harisa.

— Ndivyo tulivyosema. Miaka yote hii mama wa watu hatujamsalimu.

Akatoa simu, akampigia mkewe.

— Kesho mwamshe na Rim, tunakwenda naye... Najua wanakuja Alhamisi. Waje, nitawaambia mwenyewe... La, hakuna kitu. Nipe huyo mtoto.

Breki aliinamisha buli la kahawa, yakatoka machicha matupu. Lamjed alisubiri, simu sikioni, mpaka Rim alipoitika akicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha Mannubia.